Skana ya gari ya bei nafuu: inayotosha ni ipi?

Kwa mwenye gari anayetaka kujua taa ya injini imewaka kwa nini kabla hajalipeleka gereji, skana ndogo ya mkononi yenye skrini yake na inayoonyesha vipimo vya injini papo hapo inatosha. Ndiyo tunayowapendekezea wengi. Kama una simu nzuri na huoni tabu kuzoea programu mpya, adapta bora ya Bluetooth itakupa mengi zaidi kwa pesa zilezile. Tunachokikataa ni kifaa kinachosoma msimbo na kuufuta, basi. Hicho kitakuandikia msimbo wa hitilafu kama P0171 na kukuacha hapohapo, na ndicho kinachowafanya watu wabadilishe sensa tatu ambazo ni nzima, kumbe mpira wa hewa umepasuka.

Lijue gari kwanza

Soketi ya OBD2, mfumo ambao gari hujipima na kuripoti hitilafu zake, ina nafasi za pini 16 na upande mmoja ni mpana kuliko mwingine. Iko chini ya dashibodi upande wa dereva, mara nyingi juu ya pedali, wakati mwingine nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki. Kuiona soketi hiyo hakutoshi kukuhakikishia kwamba skana yoyote itasoma. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli 2001 na ya dizeli 2004. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani ni habari nyingine. Mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana soketi ileile, lakini kompyuta yake inazungumza lugha ya kiwanda. Ukichomeka skana inawaka, inatafuta, kisha inasema imeshindwa kuunganishwa. Mnunuzi anairudisha dukani akidhani ni mbovu. Skana ni nzima, ila imekutana na gari lisilojua OBD2 ya kawaida, na dawa yake ni kifaa kinachotaja gari hilo kwa jina na mwaka.

Njia rahisi ya kubashiri ni kuchungulia soketi yenyewe kwa tochi. Iangalie upande mpana ukiwa juu: pini za juu zinahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, za chini 9 hadi 16. Umeme wa betri uko pini 16, na ardhi ni 4 na 5. Ukiona chuma kwenye 6 na 14, gari lina uwezekano mkubwa wa kutumia CAN, itifaki (yaani lugha ya mawasiliano) ya magari ya kisasa ambayo Marekani iliilazimisha kwa modeli zote za 2008 kuendelea. Chuma kwenye 7 bila 6 na 14 kinaashiria itifaki za zamani za ISO 9141-2 au KWP2000. Chuma kwenye 2 ni dalili ya J1850, itifaki nyingine ambayo utaikuta kwenye Ford na General Motors za zamani. Jambo hili lina uzito kwa sababu adapta nyingi za bei ya kutupa zinafanya kazi vizuri kwenye CAN tu, ingawa boksi lake limeandikwa kwamba zinakubali itifaki zote.

Na lori la volti 24 usilichomekee kifaa kilichoandikwa 12V. Kinaweza kuungua.

Skana za mkononi

Hizi hazihitaji simu wala betri, maana zinakula umeme wa gari lenyewe. Unachomeka, unageuza swichi hadi ON bila kuwasha injini, unasubiri sekunde chache, unasoma. Kwa mtu anayeitumia mara chache kwa mwaka, urahisi huo una thamani kuliko vipengele vingi. Unaweza kuiacha kwenye droo ya gari mwaka mzima na siku ya shida ikafanya kazi bila kukuomba usasishe chochote.

Autel MS309 ndiyo mfano unaojulikana wa ngazi ya chini kabisa. Inasoma, inafuta na inaonyesha kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Haionyeshi vipimo vya papo hapo, na kwa sababu hiyo hatuipendekezi kama skana yako ya pekee. Ongeza pesa kidogo ufike kwenye ngazi ya Ancel AD310 au Launch CReader 3001, ambapo utaona joto la maji, mizunguko ya injini, marekebisho ya mafuta na volti za sensa za oksijeni zikibadilika mbele ya macho yako. Foxwell NT301 ni hatua moja juu yake: skrini ya rangi, michoro ya vipimo, na taa tatu za kijani, njano na nyekundu zinazokuonyesha hali ya gari kwa kutupa jicho.

Unapolinganisha mbili za bei inayokaribiana, usihesabu vipengele vilivyoandikwa kwenye boksi. Tafuta vitu vinne. Cha kwanza ni vipimo vya papo hapo, vinavyoitwa Live Data kwenye menyu. Cha pili ni Freeze Frame, yaani kumbukumbu ya hali ilivyokuwa msimbo ulipojiandika: mwendo, mizunguko, joto, mzigo wa injini. Cha tatu ni I/M Readiness, inayoonyesha kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Cha nne ni misimbo inayosubiri, ile ambayo kompyuta imeiona mara moja lakini bado haijawasha taa. Kama skana ina matokeo ya vipimo vya ndani, yaani Mode 6, hiyo ni nyongeza nzuri, maana mara nyingi utaweza kuona silinda gani inamisi hata kabla taa haijawaka. Kamusi ya misimbo iliyomo ndani si muhimu kama wauzaji wanavyodai. Maana ya P0301 utaipata popote.

Adapta za simu na tatizo la ELM327

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kidogo kidogo. ELM327 ilikuwa chipu ya kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, iliyofanya kazi ya mkalimani kati ya gari na kompyuta au simu. Toleo lake la kwanza halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, likanakiliwa, na tangu hapo soko limejaa vijifaa vyenye jina hilo visivyo na uhusiano wowote na kampuni. Vingi vinajitambulisha kama v1.5, namba ambayo Elm haikuwahi kuitoa. Vingine vinajiita v2.1 huku vikikosa amri ambazo hata matoleo ya zamani yalikuwa nazo.

Nakala si lazima iwe mbaya. Kwa gari la CAN, kusoma na kufuta misimbo ya injini, nyingi hufanya kazi. Shida inaanza unapotaka zaidi: programu inaomba vipimo sita kwa pamoja, vinakuja kwa kusuasua, au mawasiliano yanakatika kila baada ya dakika chache. Kwenye gari la zamani la J1850 au KWP2000 huenda isiunganike kabisa. Vile vidogo sana, visivyozidi kidole gumba, ndivyo vinavyoongoza kwa matatizo haya. Programu kama Car Scanner au Torque ikishindwa kupata gari, usiilaumu programu kabla hujajaribu adapta nyingine.

Adapta za OBDLink zinatumia chipu ya familia nyingine, STN, inayoelewa amri za ELM327 na kuzitekeleza kwa kasi kubwa zaidi. Ni ghali kuliko nakala, lakini mwenye Ford au Mazda anayetaka kutumia programu ya FORScan ataona tofauti siku ya kwanza. Vgate, hasa vLinker na iCar Pro, na Veepeak zinakaa katikati, na hapo katikati ndipo tunapopaona panafaa kwa bajeti ndogo.

Chagua kwa kuangalia simu yako. Android inakubali Bluetooth ya kawaida. iPhone haitaiunganisha adapta ya Bluetooth ya kawaida ya aina hii na programu za gari, inahitaji yenye Bluetooth LE au ya Wi-Fi. Kosa hili ni la kila siku: mtu ananunua, anaiona adapta haitokei kwenye programu, anaamini imekufa. Bluetooth LE nayo ina desturi yake, maana huiunganishi kwenye mipangilio ya simu bali ndani ya programu yenyewe. Ya Wi-Fi inafanya kazi, ila simu inapojiunga nayo huenda ikapoteza intaneti, na baadhi ya simu zinaikimbia zikiona haina intaneti. Ikigoma, hakikisha programu imewekewa anwani 192.168.0.10 na lango 35000, ambazo adapta nyingi za Wi-Fi huzitumia.

Vipimo vya papo hapo vinafanya kazi gani

Msimbo ni anwani ya mtaa, haukutajii nyumba. P0171 unasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta kwenye upande wa kwanza wa injini. Sababu zinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, gasketi ya manifoldi, sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) iliyochafuka, chujio la mafuta lililoziba au pampu iliyochoka. Skana ya kusoma tu inaishia hapo. Yenye vipimo inakupeleka mbele hivi: injini ikiwa imepata moto, angalia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, gari likiwa limesimama linanguruma. Kawaida yanakaa ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri. Ukikuta yako +20 hivi, panda hadi mizunguko 2500 kwa dakika ushikilie hapo, na sasa ujumlishe na ya muda mfupi, STFT. Jumla ikishuka kukaribia sifuri, hewa inaingia mahali isipopimwa, kwa sababu tundu lilelile lina athari kubwa injini inapovuta hewa kidogo na athari ndogo inapovuta nyingi. Kagua mipira na gasketi. Jumla ikibaki juu au ikazidi kupanda unapobeba mzigo, tundu si shida yako. Safisha sensa ya MAF kwa dawa yake maalumu, kisha pima shinikizo la mafuta.

P0420 ni msimbo unaogharimu watu zaidi ya yote, maana unasomeka kama amri ya kubadilisha masega ya ekzosi, yaani katalisti inayosafisha moshi. Usibadilishe bado. Kama kuna msimbo wa P0300 na jamaa zake, maliza huo kwanza, kwa kuwa injini inayomisi inapeleka petroli mbichi kwenye masega na kuyaua, mapya nayo yatakufa vilevile. Sikiliza pia kama ekzosi inavuja mbele ya sensa ya nyuma. Kisha pasha injini moto, shikilia mizunguko 2500, na utazame sensa ya oksijeni ya nyuma, inayoandikwa B1S2. Masega yakiwa mazima volti yake inatulia, mara nyingi karibu na 0.6 hadi 0.7. Ikiwa inaruka kati ya 0.1 na 0.9 bila kupumzika, masega yamechoka kweli. Magari mengi mapya yana sensa ya mbele ya aina nyingine isiyoruka kabisa, kwa hiyo usijaribu kufananisha mbili hizo. Amua kwa ya nyuma.

Kwa P0301 hadi P0304, misimbo ya silinda inayomisi, kwenye injini yenye koili moja kwa kila silinda, skana na spana vinatosha. Chukua koili ya silinda iliyotajwa uiweke kwenye nyingine, futa msimbo, endesha. Msimbo ukihama pamoja na koili, umempata mkosaji. Usipohama, rudia kwa plagi, kisha nozeli, na mwisho kabisa kompresheni.

P0128, unaosema maji ya injini hayafiki joto linalotakiwa, hauhitaji hata spana. Tazama joto la maji tangu injini ikiwa baridi. Likipanda hadi karibu nyuzi 90 gari likiwa limesimama, kisha likashuka hadi 70 barabara ikifunguka, themostati imekwama wazi.

Kufuta msimbo, na kununua gari lililotumika

Kitufe cha kufuta kinafuta zaidi ya taa. Kinaondoka na kumbukumbu ya tukio na kurudisha vipimo vyote vya ndani mwanzo. Piga picha ya skrini ya misimbo na ya Freeze Frame kabla hujakigusa. Fundi atakayelipokea gari likiwa limefutwa atalazimika kusubiri tatizo lirudi, na wewe ndiye utakayelipia muda huo. Magari ya kuanzia karibu 2010 kwa soko la Marekani pia yana misimbo ya kudumu ambayo skana yoyote haiwezi kuifuta. Inaondoka yenyewe gari likijipima na kuridhika.

Uwezo huohuo unaigeuza skana ya bei nafuu kuwa rafiki mkubwa wa mnunuzi. Muuzaji anaweza kufuta msimbo asubuhi na ukaliona gari jioni taa ikiwa imezimika. Ingia kwenye I/M Readiness. Vipimo vya masega, sensa za oksijeni na mfumo wa mvuke wa mafuta vikisema havijakamilika, ama betri ilichomolewa ama kuna mtu amefuta hivi karibuni. Magari mengi ya CAN yanatoa pia umbali uliotembea tangu misimbo ifutwe, na mara ngapi injini imepata moto tangu hapo. Gari linalodaiwa kuwa halina historia ya tatizo huku likisema limetembea kilomita 14 tangu kufutwa linahitaji maelezo ya kuridhisha. Kipimo cha mvuke wa mafuta peke yake kisikutishe. Kinahitaji tangi liwe na mafuta ya kiasi fulani na injini iwe imelala usiku kucha, hivyo huchelewa hata kwenye gari zima.

Usichopaswa kukitegemea

OBD2 ya kawaida inahusu injini na moshi wake. Taa ya ABS, ya mifuko ya hewa na ya usukani wa umeme ziko kwenye kompyuta nyingine, na skana ya ngazi ya chini itakuambia hakuna msimbo huku taa inakutazama. Giaboksi inagusiwa kidogo: P0700 maana yake ni kwamba kompyuta ya giaboksi ina la kusema, na utahitaji kifaa kingine kulisikia. Kama shida yako ni ABS na mifuko ya hewa, angalia Launch CRP123 na wenzake, zinazosoma injini, giaboksi, ABS na mifuko ya hewa. Ukitaka kurudisha nyuma breki ya mkono ya umeme au kuchoma masizi ya DPF (kichujio cha moshi wa dizeli) kwa amri, unaingia kwenye vifaa vinavyotuma amri kwa gari. Adapta za aina hiyo zinazotumia simu zinavutia kwa bei, lakini nyingi huja na leseni ya muda. Mwaka ukiisha unalipia tena au unabaki na sehemu tu ya uwezo. Hesabu gharama ya miaka mitatu kabla ya kulinganisha.

Maneno "mifumo yote" kwenye boksi la kifaa cha bei ya chini yasikubebe. Tafuta orodha ya mtengenezaji, kisha gari lako, mwaka wake, na kipengele unachokihitaji. Kisipotajwa, chukulia hakipo.

Gari la umeme haliingii kwenye hesabu hii sana, kwa kuwa OBD2 ilitungwa kwa ajili ya moshi. Wenye Nissan Leaf wana programu ya LeafSpy, na nayo inachagua sana adapta.

Ikigoma kuwaka

Skana isiyowaka kabisa kwenye gari lako lakini inawaka kwa jirani inakuambia pini 16 haina umeme. Kwenye magari mengi pini hiyo inashirikiana fyuzi na kiwashio cha sigara, na fyuzi hiyo hukatika kirahisi kwa chaja mbovu ya simu. Badilisha kwa fyuzi ya ampea zilezile. Una mita? Pima kati ya pini 16 na 4: unatakiwa kuona volti za betri, 12 na ushee. Ikiwaka lakini haiunganiki, hakikisha swichi iko ON na si kwenye nafasi ya redio tu, kisha angalia pini zilizopinda.

Adapta usiiache imechomekwa. Inayokula miliampea 40 inamaliza karibu ampea-saa 1 kwa siku, na gari lililoegeshwa wiki mbili litakuwa limepoteza 13 hivi, kiasi cha kuishinda betri iliyozeeka. Chache zinajilaza zenyewe injini ikizimwa. Zaidi ya hayo, nakala nyingi za Bluetooth zina nywila 1234 au 0000, na za Wi-Fi mara nyingi hazina kabisa, kwa hiyo aliye karibu anaweza kuingia kwenye mtandao wa gari lako.

Siku ya kwanza, boksi lisitupwe. Chomeka asubuhi kabla injini haijawashwa: joto la maji na joto la hewa inayoingia vinapaswa kukaribiana, tofauti ya nyuzi chache tu. Washa injini, linganisha mizunguko na mshale wa dashibodi. Angalia volti: injini ikiwa inanguruma, magari mengi yanasoma kati ya 13.5 na 14.7. Mwisho omba namba ya chesisi, uilinganishe na iliyo kwenye gari. Isipokuja kwenye gari la kabla ya CAN, hilo si kosa la skana, kwa kuwa mengi ya magari hayo hayaitoi kabisa. Isipokuja kwenye gari la 2010 huku vipimo navyo vinakatikakatika, irudishe.